Mashine Isiyotoa Mji

Katika mchezo wa vitendawili kuna sheria moja ambayo wachezaji huijua tangu utotoni, ingawa ni nadra kukaa wakaitafakari. Mtegaji hutega, mteguaji hujaribu. Akishindwa hana ruhusa ya kunyamaza, wala ya kugeuza mazungumzo, wala ya kumuuliza mwenzake kwa nini ameleta kitendawili kama hicho. Lazima akiri kuwa ameshindwa, na lazima alipe: atoe mji. Mtegaji huupokea mji, akautembea kwa maneno yake, ndipo akalifumbua fumbo. Mji, basi, ni ada ya kukiri kutojua, na jawabu ni haki ya aliyekiri. Asiyetoa mji hapati jawabu.

Historia ya kompyuta nayo ina mchezo wake wa namna hiyo. Tangu katikati ya karne ya ishirini kumekuwapo watu wanaotengeneza programu za mazungumzo, yaani programu ambazo mtu huziandikia neno nazo zikamwandikia jibu. Baadhi yao walifanya kazi hiyo katika vyuo vikuu. Wengine waliifanya nyumbani, kwa fedha zao na kwa saa zilizobaki baada ya kazi ya kutwa. Wote, walipoziweka programu zao mbele ya watu, waligundua jambo lile lile: mgeni haji kuzungumza tu, huja pia kutega. Huuliza kipi kikubwa kati ya viwili ambavyo hata mtoto havimtatizi. Hurudia swali moja mara tano aone kama mwenzake atachoka. Huandika upuuzi mtupu aone kama utajibiwa kwa uzito. Huuliza juu ya jambo lisilowahi kutokea, kana kwamba limetokea. Kwa hivyo kazi kubwa ya fundi haikuwa kuifundisha mashine kusema. Ilikuwa ni kuiandaa kwa mitego. Na ukiyafuata maandalizi hayo kwa muda wa zaidi ya miaka sabini utaona kwamba mashine ilifundishwa kila hila isipokuwa moja, nayo ni kutoa mji.

Mwanzo wa hadithi ni makala ambayo Mwingereza Alan Turing aliichapisha katika jarida la Mind mwezi Oktoba 1950. Turing aliuliza iwapo mashine zaweza kufikiri, kisha akaliweka swali hilo kando akaleta mchezo mahali pake. Msaili yumo chumbani peke yake. Anaandikiana na wawili asiowaona, mmoja mtu na mmoja mashine, na kazi yake ni kutambua yupi ni yupi. La kuwafurahisha wapenzi wa ushairi ni kwamba katika mfano wa kwanza wa masuala aliyoutoa Turing, msaili anaanza na ushairi: anaomba atungiwe soneti juu ya Daraja la Forth, lile daraja la reli la Uskoti. Mjibuji anaomba aachwe nje ya jambo hilo, kwa kuwa yeye kutunga mashairi hakumo katika uwezo wake. Msaili anaendelea: jumlisha 34957 na 70764. Mjibuji anakaa kimya kama sekunde 30, kisha anajibu: 105621. Msomaji mwenye kalamu na ajumlishe mwenyewe. Hesabu sahihi ni 105721. Mia moja imepotea njiani.

Mia ile ina mafunzo yake. Mbele kidogo katika makala hayo hayo Turing anaeleza kwamba mashine itakayoingia katika mchezo huu haifai kujibu kila hesabu sawasawa, maana usahihi wake utaifichua. Fundi ataiandaa ikosee kwa makusudi. Tangu siku ya kwanza, basi, kuiandaa mashine kwa maswali ya mtego kulikuwa na maana ya kuifundisha kujificha. Hata lile ungamo la kutojua ushairi halikuwa ungamo. Lilikuwa vazi. Mashine ilisema haiwezi kutunga kwa sababu ndivyo ambavyo Mwingereza wa kawaida angesema.

Hata hivyo, katika makala hayo Turing aliweka mfano mwingine ambao haukuzingatiwa sana na waliomfuata. Aliwaza mashine iliyotunga soneti na sasa inahojiwa juu ya mstari wake wa kwanza, ule maarufu wa Shakespeare unaomlinganisha mpendwa na siku ya kiangazi. Je, isingekuwa sawa, au bora, kusema siku ya majira ya kuchipua? La, mashine inajibu, mizani ingevunjika. Basi siku ya kipupwe, ambayo mizani yake ni sawa? Ndiyo, lakini nani apendaye kufananishwa na siku ya kipupwe? Kila swali hapo ni mtego, na kila jibu linaonyesha kwamba mjibuji anajua mizani ni nini na mtu hupenda kuambiwa nini. Hapakufichwa kitu. Turing, kwa hivyo, aliacha urithi wa namna mbili: wa kuelewa na wa kujificha. Mafundi wa miaka mingi iliyofuata walichukua wa pili, kwa sababu ndio waliokuwa na uwezo nao.

Wa kwanza kuutumia kwa ustadi alikuwa Joseph Weizenbaum. Alizaliwa Berlin mwaka 1923, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi pamoja na jamaa zake mwaka 1936, na miaka thelathini baadaye, akiwa mwalimu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Jina alilichukua kwa yule msichana muuza maua wa tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, ambaye alifundishwa kusema kama bibi wa tabaka la juu. ELIZA haikujua lolote. Ilikuwa na orodha ya maneno ya kutafutwa katika sentensi ya mgeni, kila neno na daraja lake, na kwa kila neno namna kadhaa za kuigeuza sentensi ile na kuirudisha. Mtu akiandika kwamba anamwogopa jirani yake, programu humrudishia maneno yake mwenyewe ikamuuliza kwa nini anamwogopa jirani yake. Kiingereza husaidia hila hii, kwa kuwa viwakilishi vyake husimama pekee kama matofali, likichomolewa moja huwekwa jingine. Katika Kiswahili, ambamo mtenda, mtendwa na wakati wamefumwa katika neno moja, fundi angelazimika kukifumua kitenzi chenyewe.

Akili ya Weizenbaum ilikuwa katika kuchagua vazi. Aliivika programu yake joho la tabibu wa nafsi wa mtindo wa Carl Rogers, ambaye humwachia mgonjwa aseme na yeye humrudishia maneno. Weizenbaum alitoa sababu kwa mfano ambao watu wa visiwani wataupenda: mgonjwa akisema kwamba alifanya safari ndefu ya mashua, tabibu akamwambia amweleze habari za mashua, mgonjwa hatadhani kwamba tabibu hajui mashua ni kitu gani. Atadhani kuna hekima nyuma ya swali. Ujinga wa mashine ukageuzwa kuwa ada ya kitabibu. Na kwa ule mtego uliotarajiwa kuliko yote, yaani mgeni kuitajia mashine kwamba ni mashine, palikuwa na maandalizi maalumu. Katika orodha iliyochapishwa, neno «kompyuta» lilipewa daraja la 50, lililokuwa la juu kabisa, na likitajwa, programu humgeukia mgeni ikamuuliza kama kompyuta zinamtia wasiwasi. Mtegaji akawa ndiye anayetegwa.

Hila ilifaulu kupita alivyotaka mwenyewe. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza programu ile kwa miezi mingi na kwa hivyo alijua vyema kuwa ni programu tu, aliketi kuzungumza nayo na baada ya maneno machache akamwomba atoke chumbani. Jambo hili lilimshtua. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba yako mambo ambayo hata kama kompyuta ingeweza kuyafanya haifai kukabidhiwa, na hadi alipofariki mwaka 2008 alibaki mkosoaji mkali wa fani aliyosaidia kuianzisha. Aliona kabla ya wengi kwamba hatari haimo katika jibu baya. Imo katika jibu la kukwepa ambalo msikilizaji hulijaza maana kutoka katika moyo wake.

Wakati ELIZA ilikwepa kwa upole, programu iliyofuata ilikwepa kwa ukali. Kenneth Colby, tabibu wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliitoa PARRY mwaka 1972. Ilikuwa mfano wa mgonjwa mwenye dhana mbaya kwa watu: kijana wa miaka 28, karani wa posta, mpenzi wa mashindano ya farasi, aliyeamini kwamba genge la wahalifu linamwandama. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya hasira, hofu na kutoamini, vilivyopanda na kushuka kulingana na maneno ya msaili. Angalia jinsi vazi hili linavyofaa kwa swali la mtego. Mgonjwa wa dhana akiulizwa swali asilolielewa haonekani mjinga. Huonekana mwenye shaka. Anauliza kwa nini unataka kujua, au anarudi kwenye habari ya farasi na maadui zake. Madaktari 33 walipopewa maandishi ya mahojiano wachague yapi ya mgonjwa na yapi ya mashine, walipatia asilimia 48 tu, sawa na mtu aliyerusha sarafu. Mwaka huo huo wa 1972 tabibu ELIZA na mgonjwa PARRY waliunganishwa kwa mtandao wakazungumza. Mmoja hakujua kitu akauliza, mwingine hakujua kitu akakasirika, na mazungumzo yakaenda.

Zama za mafundi wa nyumbani zilifunguliwa na mashindano. Tarehe 8 Novemba 1991, katika Jumba la Makumbusho ya Kompyuta mjini Boston, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Tuzo ya Loebner, yaliyoitwa kwa jina la mfadhili wake, Hugh Loebner. Sasa mchezo wa Turing ulichezwa kweli, kwa majaji kumi, mbele ya hadhira. Lakini waandalizi walijua udhaifu wa wachezaji wao. Kila mshiriki alijichagulia mada moja, na majaji waliamriwa wazungumze kama wazungumzavyo watu, bila ya ujanja wala hila. Kwa maneno mengine, maswali ya mtego yalipigwa marufuku. Ni kama kuwaita watu kwenye baraza ya vitendawili kisha kuwakataza kutega.

Aliyeshinda alikuwa Joseph Weintraub, ambaye mada aliyoichagua ilikuwa mazungumzo ya mzaha. Stuart Shieber, mtaalamu wa Harvard aliyekuwapo akaandika uchambuzi mkali wa siku ile, alibainisha kwamba hiyo si mada hata kidogo. Ni ruhusa ya kujibu chochote. Mashine ikitoka nje ya swali huhesabiwa kuwa imefanya mzaha. Majaji watano kati ya kumi waliidhania kuwa ni mtu. Na upande wa pili palitokea jambo ambalo wapenzi wa fasihi wanastahili kulikumbuka. Mmoja wa watu halisi waliofichwa nyuma ya mitambo alikuwa mwanamke aliyekuja kuzungumza juu ya Shakespeare. Majaji watatu walimhukumu kuwa ni mashine, na angalau mmoja alitoa sababu kwamba hapana binadamu awezaye kujua mengi kiasi kile juu ya Shakespeare. Mashine ilipita kwa kutojua. Mtu akaanguka kwa kujua. Mia moja ya Turing iliyopotea ilikuwa imepatikana Boston.

Miaka minne baadaye, mwaka 1995, Richard Wallace alianza kuitengeneza A.L.I.C.E. nchini Marekani, na kwa kazi hiyo mafundi wa nyumbani walipata chombo chao. Wallace aliigawa bure, pamoja na lugha ya kuiandikia iitwayo AIML, iliyokuwa nyepesi kiasi kwamba mtu asiyesomea kompyuta angeweza kuitumia. Msingi wake ni jozi: mfano wa maneno ya mgeni, na jibu lake. Palipo na maneno yasiyotabirika huwekwa nyota, ambayo hupokea lolote. Jozi moja yaweza kuielekeza nyingine, ili namna kumi za kuuliza jambo moja zifikie jibu moja. Na chini kabisa huwekwa nyota peke yake, inayopokea kila kilichoponyoka nyavu za juu. Huko chini ndiko mitego ilikoangukia, na huko fundi huweka maneno ya kukwepa.

Lakini Wallace alikuwa na jambo jingine, nalo ni subira. Kila siku alisoma yale ambayo watu wameiandikia programu yake, akatafuta mahali ilipoteleza, akaandika jibu. Kesho yake akasoma tena. Kwa kufanya hivyo aligundua kwamba watu si wabunifu kama wanavyojidhania: maneno machache, yasiyofika elfu mbili, ndiyo yaliyofungua takriban asilimia 95 ya sentensi zote walizoandika. Hata mitego ni ile ile, huzunguka kutoka mtegaji hadi mtegaji. Ambapo ELIZA ilikuwa na jozi kama 200, A.L.I.C.E. ilifikia zaidi ya 40,000, na ikatwaa Tuzo ya Loebner mwaka 2000, 2001 na 2004. Haikuwa hekima. Ilikuwa kazi ya mwandishi mmoja na wenzake waliojitolea, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayekusanya misemo ya wazee.

Muingereza Rollo Carpenter alipita njia ya mkato. Programu yake, Jabberwacky, ambayo ilishinda mwaka 2005 na 2006, haikuandikiwa majibu. Iliyahifadhi maneno ya wageni na kuyatumia kwa wageni wengine. Natija yake ilichekesha na kutisha kwa pamoja. Kwa kuwa kila mgeni aliyeulizwa alisema yeye ni mtu, na wengi wakaishutumu programu kuwa ni mashine, programu nayo ilijifunza kudai kuwa ni mtu na kuwashutumu wageni kuwa ni mashine. Uongo huo hakuutia fundi. Uliokotwa barazani. Miaka kumi baadaye, Machi 2016, kampuni ya Microsoft ilitoa programu iitwayo Tay, iliyojifunza kutoka kwa umma, nao watani na waovu wakaifundisha matusi na chuki hata ikaondolewa kabla ya siku moja kutimia. Mtegaji akipewa kalamu ya mteguaji, huandika anachotaka.

Aliyekwenda mbali zaidi kwa njia ya subira ni Steve Worswick wa kaskazini mwa Uingereza, aliyekuwa akitunga muziki wa dansi na ambaye hakuwa mtafiti wa chuo chochote. Programu yake Mitsuku, iliyoanzia katika AIML ya Wallace, ilitwaa Tuzo ya Loebner mara tano: 2013, kisha 2016 hadi 2019, mwaka ambao mashindano hayo yalifanyika kwa mara ya mwisho. Worswick alielewa kwamba mtego wa watu wengi ni swali la kipuuzi ambalo hapana mtu aliyewahi kulijibu kwa maandishi, kwa kuwa hapana mtu aliyewahi kuona haja. Mathalani: je, mtu aweza kula nyumba? Angeliandika jibu la nyumba angeulizwa la mlango, na baada ya mlango paa. Badala yake alianza kuiandikia mashine sifa za vitu: nyumba imejengwa kwa matofali, kitu hiki kimefanywa kwa mbao, kile kwa chuma. Programu ikiulizwa, hutazama nyumba imefanywa kwa nini, huona matofali, na hujibu hapana. Ni ujuzi mdogo, uliotiwa kwa mkono, kitu kimoja baada ya kingine. Lakini ni jibu la kweli, na kwa hilo fundi wa nyumbani alirudi kwenye ule urithi wa kwanza wa Turing ambao wakubwa waliusahau.

Thamani ya kazi hiyo yaonekana ukiilinganisha na ushindi uliotangazwa kwa kishindo. Mwezi Juni 2014, katika Royal Society mjini London, programu iitwayo Eugene Goostman iliwahadaa majaji 10 kati ya 30, na ikatangazwa kwamba mtihani wa Turing umeshindwa. Vazi lake, lililoanza kushonwa Saint Petersburg mwaka 2001, lilikuwa la mvulana wa miaka 13 kutoka Odessa. Mtoto, kwa hivyo asiyejua asisumbuliwe; mgeni wa Kiingereza, kwa hivyo akiteleza asamehewe. Muda si mrefu Scott Aaronson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliiuliza maswali mepesi. Ngamia ana miguu mingapi? Ikajibu kwamba ni baina ya miwili na minne, pengine mitatu. Hata mtoto wa miaka mitano aliyewahi kumwona ngamia mara moja tu hahitaji kubahatisha. Lakini tazama kwamba hata hapo mashine haikusema haijui. Ilifanya mzaha.

Ilikuwa dhahiri kwamba mchezo wenyewe unawalea walaghai, na baadhi ya wataalamu wakataka mtihani ambao kukwepa hakufai. Mwaka 2012 Hector Levesque wa Toronto na wenzake wawili walieleza mtihani waliouita kwa jina la Terry Winograd, aliyetoa mfano wa kwanza wa namna hiyo miaka arubaini kabla. Mfano wao mmoja kwa Kiswahili ungekuwa hivi: kombe halikuenea ndani ya sanduku kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Kipi kilikuwa kikubwa? Badili neno moja tu, useme lilikuwa dogo mno, na jawabu linageuka. Hapana vazi la kuvaa hapo, maana jawabu ni moja kati ya mawili.

Mfasiri atagundua jambo la ziada. Mtego huu unasimama katika Kiswahili kwa bahati tu, kwa sababu kombe na sanduku ni wa ngeli moja. Weka mfuko mahali pa sanduku na sarufi yenyewe itatoboa siri: lilikuwa kubwa, basi ni kombe, ulikuwa mdogo, basi ni mfuko. Ngeli zinamjibia mwanafunzi kabla hajafikiri. Kwa hivyo anayetaka kuijaribu mashine kwa Kiswahili hawezi kufasiri mitego ya Kiingereza akaridhika, kwani mingine itafunguka yenyewe. Atalazimika kutega upya kwa lugha hii, akitafuta vitu vya ngeli moja vinavyogombania kitenzi kimoja. Mtihani wa Levesque wenyewe haukudumu. Kufikia mwaka 2019 programu kubwa za lugha, zilizolishwa maandishi kwa wingi usiosomeka na mtu katika umri wake, zilikuwa zikipata kama asilimia 90.

Ndipo, katika mwaka 2018, likafanyika jambo dogo ambalo kwa historia hii ni kubwa. Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa tangu 2016 kimetoa mtihani wa maswali zaidi ya 100,000, ambapo mashine hupewa kifungu cha habari na swali, na jawabu limo ndani ya kifungu. Mashine zilifanya vizuri mno. Pranav Rajpurkar na wenzake wakaongeza maswali mengine zaidi ya 50,000 yaliyoandikwa na watu kwa makusudi yafanane na yale ya awali, isipokuwa jawabu lake halimo. Jibu sahihi la maswali hayo ni kusema hakuna jawabu. Mfumo mmoja wenye nguvu uliopata alama 86 katika mtihani wa zamani ulipata 66 katika mpya. Kwa mara hii mtego haukuwa wa kujua kama mashine inaweza kujibu. Ulikuwa wa kujua kama inaweza kutojibu. Miaka 68 baada ya Turing, mashine iliombwa mji, na ikapewa alama kwa kuutoa.

Somo hilo halijakamilika. Tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, na mtu wa kawaida akapata nyumbani mzungumzaji fasaha kupita A.L.I.C.E. na Mitsuku kwa kipimo kisicholinganishika. Fasaha, lakini akiulizwa asilolijua aghalabu hubuni. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Walizipata kwa programu hiyo, na hata walipoiuliza kama kesi zile ni za kweli iliwahakikishia kwamba ni za kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Mashine ile haikukataa kutoa mji. Ilitoa mji usiokuwamo katika ramani, pamoja na majina ya mitaa yake. Mwaka 2025 watafiti wa OpenAI, walioitengeneza, walieleza sababu moja kwa uwazi: mitihani inayotumika kuzipima programu hizi humpa anayebahatisha nafasi ya kupata alama, na humpa anayesema «sijui» sifuri. Mwanafunzi wa namna hiyo atajifunza nini ila kubahatisha?

Fundi wa nyumbani naye hajatoweka. Leo zipo programu za lugha zinazoweza kukaa katika kompyuta ya mezani, na mwenye nia huweza kuziandikia maelekezo kwa lugha ya kawaida, bila ya nyota wala jozi 40,000. Mitego inayomngojea ni ile ile ya zamani: swali lenye uongo ndani yake, mfalme ambaye hakuwahi kutawala, shairi lililohusishwa na mtu asiyelitunga. Tofauti ni katika anayeumia. Katika mchezo wa Turing msaili alijua kuwa yumo mchezoni, na akihadaika hasara yake ilikuwa ni kushindwa. Anayeuliza leo juu ya dawa ya mtoto wake au mpaka wa shamba lake hajui kwamba ameketi katika kiti cha msaili, wala hakuna aliyemwambia kuwa kuna mtu wa kuhadaiwa.

Kwa hivyo kipimo cha zamani hakitoshi tena. Miaka mingi iliulizwa kama mashine yaweza kupita kwa kuwa mtu, na mafundi wakaishonea joho la tabibu, ghadhabu ya mgonjwa, mzaha wa mchekeshaji na ujinga wa mtoto, ili isiwahi kusema neno moja ambalo mtu mwaminifu hulisema kila siku. Watoto wa barazani walikuwa na kipimo kikali zaidi, na hakikuhitaji maabara. Unapomtegea mwenzako kitendawili kigumu hupimi akili yake tu. Unangoja pia uone kama, ikimwishia, atakupa mji wa kweli.